Keratokonasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa na Wazazi wa Kigoma

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma. Nina keratokonasi katika macho yote mawili tangu nilipokuwa kidato cha tatu, ingawa jina la ugonjwa huu nilikuja kulisikia miaka sita baadaye. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, wazazi wao na watu wanaonikuta nikisubiri kwenye benchi la kliniki. Majibu yangu hayawezi kuwa badala ya vipimo vya daktari wa macho, lakini yanaweza kumfanya mtu aende kupimwa mapema kuliko nilivyokwenda mimi, na katika ugonjwa huu mapema ndiyo kila kitu.

Keratokonasi ni ugonjwa gani?

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho, ule utando mwangavu unaofunika mboni kama kioo kinavyofunika mishale ya saa, huitwa konea. Upana wake ni milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Hata hivyo, utando huo mwembamba ndio unaofanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga ili picha itue sawasawa nyuma ya jicho. Kwa mwenye keratokonasi, konea hupungua unene kidogo kidogo na kulegea, na kwa kuwa ndani ya jicho kuna maji yenye msukumo, pale palipolegea husukumwa nje na kuchongoka mfano wa pia. Mwanga unaopita kwenye kioo kilichochongoka hutawanyika ovyo, ndiyo maana mtu huona picha iliyovurugika hata kama sehemu nyingine zote za jicho ni nzima.

Ugonjwa huu si mgeni duniani, kwani daktari Mwingereza John Nottingham aliueleza kwa kina mwaka 1854. Hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kutumia taulo moja, tofauti na macho mekundu yanayozunguka shuleni kila mara.

Mwenye ugonjwa huu huona nini?

Usiku wa giza, wakati mwezi haujatoka, wavuvi wa dagaa hutandaa ziwani na taa zao, na ukisimama kwenye mwinuko wa mji unaziona zimejipanga juu ya maji kama mji wa pili. Mwenye macho mazima huona nukta za mwanga. Mimi nilikuwa naona kila taa imeota mkia unaoteremka upande mmoja, na pembeni ya kila taa kulikuwa na kivuli cha taa ya pili na ya tatu iliyofifia. Nilidhani ni maji yanayocheza na mwanga na kwamba kila mtu huona hivyo. Siku moja nilimwuliza rafiki yangu kwa nini taa za leo zina mikia mirefu, naye akanitazama kwa mshangao asijue ninazungumzia nini.

Dalili nyingine ni herufi za ubaoni kuonekana zimerudufiwa hata ukifumba jicho moja, mwanga wa jua au wa gari kuumiza macho, kukodoa na kuinamisha kichwa ili uone vizuri, na kuchoka macho baada ya kusoma kwa muda mfupi. Kwa kawaida jicho moja hutangulia kuharibika, na hapo ndipo wengi hupotezewa muda, kwa sababu jicho zima hubeba mzigo wa mwenzake na mgonjwa hajui kuwa jicho la pili limeshadhoofika. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, tazama bango au kalenda iliyo mbali, kisha badilisha. Fanya hivyo pia kwa mtoto wako, walau mara mbili kwa mwaka.

Nitajuaje kwamba tatizo si miwani tu?

Miwani hubadilika kwa watu wengi, hasa vijana wanaokua. Kinachopaswa kukutia shaka ni miwani inayobadilika mara kwa mara, huku namba ya astigmatizimu, yaani konea kutokuwa na mviringo sawa pande zote, ikipanda kila kipimo, na hata hiyo mpya haikupi uoni safi. Mimi nilitengenezewa miwani mitatu ndani ya miaka miwili. Kila mara niliambiwa nitaizoea, na mara ya tatu aliyenipima alisema kwamba sisomi herufi kwa umakini. Simlaumu kwa ukali, maana hakuwa na mashine ya kumwonyesha umbo la konea yangu, lakini miaka ile konea ilikuwa inaendelea kuchongoka na hakuna aliyekuwa akiifuatilia.

Kuna jaribio dogo la nyumbani linaloweza kukusaidia kueleza tatizo lako. Toboa tundu dogo la pini kwenye kipande cha karatasi ngumu na utazame kwa jicho moja kupitia tundu hilo. Ikiwa maandishi yaliyokuwa na ukungu yanasomeka, huenda kasoro ipo kwenye upindaji wa mwanga, nayo keratokonasi ni mojawapo ya kasoro hizo. Jaribio hili halithibitishi ugonjwa wowote, lakini ni habari ya kumpa daktari.

Ugonjwa huu husababishwa na nini?

Hakuna chanzo kimoja. Kuna urithi wa kifamilia, kuna uhusiano na pumu na aleji za macho na ngozi, unawapata zaidi watu wenye hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down, na juu ya hayo yote kuna kufikicha macho. Mara nyingi huanza katika umri wa balehe, huendelea katika miaka ya ishirini, kisha hupunguza kasi mtu anapokaribia miaka 40, kwa sababu konea hukakamaa yenyewe kadiri umri unavyosonga. Hausababishwi na kusoma sana wala kwa kutazama simu. Hausababishwi na uchawi pia, na nalisema hili kwa heshima, kwa kuwa ninazijua familia zilizotumia fedha za miaka miwili kwa waganga wakati kijana wao akiwa katika umri ambao matibabu yangemsaidia kuliko umri mwingine wowote.

Zamani ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa nadra sana. Hesabu ya zamani ya Marekani ilikuwa mtu mmoja kati ya 2,000, lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipata mmoja kati ya 375. Mashine bora za kupima zimefichua wengi waliokuwa wakihesabiwa kuwa na macho magumu kupatia miwani tu.

Je, kufikicha macho kunaweza kweli kuharibu konea?

Ndiyo, na katika ukurasa huu wote hili ndilo jambo ninaloomba lisomwe mara mbili. Mtu anapofikicha jicho, hasa kwa vifundo vya vidole, huikandamiza konea, huipasha joto na kuisugua, na msukumo wa ndani ya jicho hupanda kwa ghafla. Konea imara huvumilia. Konea iliyoanza kulegea huzidi kuvutika na kuchongoka, na mtu anayelala kifudifudi huku jicho limekandamizwa kwenye mto naye huongeza tatizo, mara nyingi upande ule ule anaoulalia.

Hapa kwetu macho yanawasha kwa sababu nyingi. Kiangazi vumbi jekundu hujaa kila mahali, moshi wa kuni hujaa jikoni, moshi wa kuchemshia mawese nao haukosi, na watoto wengi wana aleji ya macho inayodumu miaka. Utamwona mtoto wa shule ya msingi macho yake yamekuwa na rangi ya udongo pembeni mwa mboni, anatoa utando mweupe unaovutika kama uzi, na ngumi zake mbili haziondoki machoni. Watu humwambia tu, "Mwanangu, acha hiyo tabia." Si tabia. Anawashwa, na asipotibiwa muwasho hawezi kuacha, hata akichapwa.

Muwasho una dawa. Daktari anaweza kuandika matone ya aleji ya kutumia kila siku kwa miezi, siyo ya kutumia siku yanapowasha tu. Nyumbani, kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji baridi na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa hutuliza haraka kuliko watu wanavyodhani, na matone ya machozi ya bandia husafisha vumbi. Mimi nilijizoeza kubana daraja la pua kwa vidole viwili kila nilipotaka kufikicha, ili mikono iwe na kazi nyingine. Ilinichukua miezi minne kuacha kabisa.

Je, ninaweza kununua matone dukani mwenyewe?

Matone ya machozi ya bandia, ndiyo. Matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, hapana kabisa, isipokuwa daktari wa macho ameyaandika na anakufuatilia. Yanatuliza muwasho ndani ya siku mbili, na ndiyo maana watu huyapenda na kurudia kuyanunua, lakini yakitumika kiholela kwa muda mrefu yanaweza kuleta presha ya macho inayoua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, pamoja na mtoto wa jicho kwa vijana wadogo. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Maji ya majani, maziwa ya mama, limau, mkojo na asali havipaswi kuingia jichoni kwa sababu yoyote.

Nitapofuka?

Keratokonasi haimfikishi mtu kwenye giza kamili, kwa sababu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mshipa wa fahamu hubaki vizima. Inaweza, hata hivyo, kukuondolea uoni wa kusoma, kuendesha chombo cha moto na kutambua sura za watu. Tofauti kati ya mgonjwa anayefanya kazi zake zote na yule anayeshikwa mkono huwa mara nyingi ni wakati alipogunduliwa. Stephen Curry, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani anayesifika kwa kufunga kutoka mbali, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba ana keratokonasi na huvaa lenzi. Wanafunzi wangu wa kiume ninapowatajia jina hilo hukubali kupimwa bila ubishi.

Uchunguzi hufanyikaje, na mtu wa Kigoma aanzie wapi?

Anza na kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Kigoma ni Maweni, na kwa ndugu zetu wa Tabora ni Kitete. Mtaalamu atapima uoni wa kila jicho peke yake, ataangaza jicho kwa chombo kinachoonyesha jinsi mwanga unavyorudi, ambapo kwa mgonjwa wetu mwanga huo hufunguka na kujifunga mithili ya mkasi, kisha atatazama konea kwa darubini ya macho. Katika hatua za mbele mgonjwa akitazama chini, kope ya chini husukumwa na ncha ya konea ikafanya umbo la herufi V.

Hatua za mwanzo, kwa upande wake, hazionekani kwa darubini. Kinachozionyesha ni mashine inayochora ramani ya konea kwa rangi, nyekundu ikiwa ni pale palipochongoka na bluu palipo bapa, pamoja na unene wa kila sehemu. Kipimo hakiumi, unaweka kidevu mahali pake na kutazama taa kwa sekunde chache. Kwa kipimo hicho huenda ukapewa rufaa ya kwenda Bugando mjini Mwanza, KCMC Moshi, au Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo omba kwanza kliniki yako ipige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo na kama matibabu unayoyahitaji yanatolewa. Kama umeshaanza kuvaa lenzi ngumu, uliza zivuliwe siku ngapi kabla ya kipimo, maana lenzi hubadilisha umbo la konea kwa muda. Chukua nakala ya ramani hiyo na uitunze kama cheti cha kuzaliwa, kwa sababu daktari wa mwakani hawezi kujua kama ugonjwa unaendelea asipoona wa mwaka huu ulikuwaje.

Matibabu ya vitamini na mionzi ni yapi?

Hayo ni matibabu ya kukaza konea kwa kuunganisha nyuzi zake, yaliyobuniwa Dresden, Ujerumani, na madaktari na watafiti akiwemo Theo Seiler, matokeo ya kwanza kwa wagonjwa yakachapishwa mwaka 2003. Nchini Marekani yaliidhinishwa mwaka 2016. Kwa utaratibu wa awali, jicho hutiwa ganzi ya matone, ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, hudondoshwa kwa nusu saa hadi konea iloe na kuwa ya njano, kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno kwa nusu saa nyingine. Zipo taratibu za siku hizi zenye kutumia mwanga mkali zaidi kwa muda mfupi zaidi. Vitamini na mionzi kwa pamoja hufanya nyuzi za konea zishikane kwa nguvu.

Ni lazima mgonjwa aelewe anachopata. Matibabu haya husimamisha ugonjwa kwa wagonjwa walio wengi. Hayarudishi konea ilivyokuwa, na baadaye bado utahitaji miwani au lenzi. Siku mbili tatu za mwanzo jicho huuma sana, linatoa machozi, halitaki mwanga, na uoni huwa na ukungu kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia. Wengi waliojutia niliozungumza nao hawakujutia matibabu, walijutia kutoambiwa habari ya maumivu. Kwa kawaida konea inatakiwa iwe na unene wa walau maikroni 400, yaani milimita 0.4, na hii ndiyo sababu nyingine ya kuwahi, maana anayechelewa hukuta nafasi hiyo imempita. Kwa mtoto au kijana ugonjwa huendelea kwa kasi, hivyo daktari anaweza kutaka kumwona kila baada ya miezi 3 hadi 6.

Nikila vyakula vyenye vitamini B2 na kukaa juani nitapata matokeo hayo hayo?

Hapana. Mayai, maziwa na dagaa ni chakula kizuri, lakini vitamini ya chakula haifiki kwenye konea kwa kiwango hicho, na kulikodolea jua macho kunaunguza retina.

Lenzi ngumu hufanyaje kazi, na nitazitunzaje kwenye mazingira yetu?

Miwani hukaa mbali na konea, haiwezi kufidia mabonde na vilima vyake. Lenzi ngumu inayopitisha hewa hukaa juu ya jicho, machozi yakajaza nafasi iliyo chini yake, na mwanga sasa ukakutana na uso laini wa lenzi badala ya uso uliovurugika wa konea. Siku niliyovalishwa ya kwanza nilisoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani nikiwa mlangoni, nikalia, na muuguzi akadhani lenzi inaniumiza. Zipo pia lenzi pana zinazokaa juu ya weupe wa jicho bila kugusa konea, hujazwa maji maalumu ya chumvi yaliyo safi kabla ya kuvaliwa, na wengi wenye konea iliyochongoka sana huzivumilia vizuri zaidi. Lenzi, hata iwe nzuri namna gani, haizuii ugonjwa kuendelea.

Kila asubuhi natandika kitambaa cheupe mezani, nafunga dirisha na kuzima feni, nanawa mikono kwa sabuni na kuikausha kabisa. Lenzi yangu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ikidondoka kwenye sakafu ya saruji imepotea, ndiyo sababu ya kile kitambaa. Dawa ya kuhifadhia nabadilisha kila siku, simwagi mpya juu ya ya jana, na kikopo nakinunua kipya kila baada ya miezi mitatu. Sitii lenzi kwenye maji ya bomba, ya kisima, ya ziwa wala yaliyochemshwa yakapoa, na silambi lenzi kamwe, kwa kuwa ndani ya maji yanayoonekana safi kuna kijidudu kiitwacho akantamoeba kinachokula konea na kutibika kwa shida kubwa. Ninavua kabla ya kuogelea Tanganyika na kabla ya kulala. Jicho likiwa jekundu au likiuma, lenzi inatoka siku hiyo hiyo na ninakwenda kliniki.

Jicho limegeuka jeupe na kuuma ghafla. Limepasuka?

Halijapasuka. Utando wa ndani wa konea umechanika, maji ya jicho yakaingia ndani ya konea na kuivimbisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi hupona lenyewe kwa wiki kadhaa hadi miezi michache huku likisaidiwa na dawa, lakini kovu linaweza kubaki.

Kupandikizwa konea kunahitajika lini?

Pale kovu au uchongokaji umefika mahali ambapo lenzi hazivaliki au hazisaidii. Konea hutoka kwa mtu aliyefariki. Daktari Eduard Zirm alifanya upandikizaji huu kwa mafanikio kwa mara ya kwanza mwaka 1905 huko Olomouc, katika Jamhuri ya Czech ya leo, na sasa kwa wagonjwa wa keratokonasi ni miongoni mwa upandikizaji wenye matokeo mazuri sana, kwa kuwa konea haina mishipa ya damu na mwili hauikatai kwa urahisi. Hata hivyo nyuzi za mshono zinaweza kukaa mwaka au zaidi, matone hutumika kwa muda mrefu, na kwa maisha yote jicho likiwa jekundu, likichukia mwanga, likiuma au likififia ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyo. Anayeishi kijijini ndani ya Uvinza au Buhigwe apange safari hizo kabla ya kukubali upasuaji, siyo baada.

Je, upasuaji wa leza wa kuondoa miwani unafaa?

Kwa mwenye keratokonasi, haufai. Leza ya LASIK hupunguza unene wa konea, na konea yetu imeshapungua.

Ninaendesha bodaboda. Niache?

Mpaka upimwe na daktari akuambie uoni wako unatosha, usiendeshe usiku. Taa moja ya lori kwenye barabara ya Kasulu kwa jicho hili huwa taa tano, na hutajua ipi ndiyo lori. Fedha za usiku mmoja ni chache, abiria uliyembeba ana watoto.

Ndugu zangu nao wapimwe?

Ndiyo, hasa wadogo zako na watoto wako, hata wakisema wanaona vizuri. Mdogo wangu wa kike alipimwa akiwa na miaka 14 kwa sababu tu nilimsihi mama yetu. Alisoma mistari yote ya kipimo. Ramani ya konea ikaonyesha doa jekundu dogo chini ya mboni ya kushoto, upande anaolalia. Sasa analala chali, anatumia matone ya aleji kila siku, na ramani mbili zilizofuata hazijabadilika. Ya tatu anapimwa mwezi wa Juni, shule zikifungwa.